Mamdogo Haoti Tena

Mamdogo alikuwa anachagua mchele. Ungo mapajani, miwani imeshuka puani, vidole vinatembea vyenyewe kama vinavyotembea tangu nipate akili. Akaokota chuya mbili, akazitupa mlangoni, kuku wakagombania. Bila kuinua uso akasema:

"Unajua tangu wanibadilishie dawa sijaota tena?"

"Hujaota nini?"

"Ndoto. Zile." Akapeta mara mbili, pumba zikaruka. "Na nyie mkanipeleka kwa maalimu."

Akacheka mpaka miwani ikadondokea kwenye ungo. Nami nikacheka, maana mkubwa akicheka unacheka naye. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na leo wiki ya sita lile neno "mkanipeleka" bado linanikwaruza.

Bajaji niliikodi mimi.

Jina kwenye kadi

Habari za ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zilivyoingia hapa kwetu Tanga mnazijua, sina haja ya kuzirudia. Mamdogo alianza mwaka 2007 na mchanganyiko wa wakati ule, wenye stavudini, uliomtia ganzi miguuni hadi kandambili inamtoka njiani hana habari. Tulikuwa tunarudi nyuma kuiokota. Mwaka 2013 wakamhamishia kwenye kidonge kimoja cha usiku chenye dawa tatu ndani yake, mojawapo efavirenzi. Tulishukuru sana. Kidonge kimoja!

Kliniki walitaka msaidizi, mtu wa nyumbani wa kumkumbusha dawa na kupigiwa simu asipotokea. Wakaandika jina langu na namba yangu. Nilijivuna, nakiri.

Ndoto zilianza wiki ile ile. Sikuwa nimewahi kusikia mtu anasimulia ndoto namna hiyo, kwa rangi na harufu. Marehemu mumewe anakuja kuulizia kanzu yake ya Idi. Anamwambia ipo sandukuni. Anasema haipo, nimeangalia. Mamdogo anaamka saa tisa usiku, anawasha taa, anafungua sanduku na kuanza kutoa nguo moja moja, na kanzu yenyewe ilishatolewa sadaka zamani. Asubuhi anatembea ameshika ukuta kama mtu aliyeshuka jahazini, ardhi bado inamyumbisha.

Tulisema kliniki. Nesi akajibu kwa upole kwamba ni maudhi madogo madogo ya dawa, yataisha ndani ya wiki mbili tatu, avumilie. Jibu hilo halikuwa la uongo, na wengi huwaishia hivyo.

Yeye hayakumwishia.

Mwezi wa tatu, ndipo bajaji. Maalimu alikuwa mtu mwema, hakutuchuna. Akaandika kombe kwa zaafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa marashi, Mamdogo akanywa siku saba. Siku ya nane marehemu akarudi kuulizia kanzu.

Baada ya hapo akaacha kusimulia. Nami nikahesabu kwamba amepona.

Karo lenye tundu dogo

Nilipoanza kusoma, wiki moja baada ya ule mchele, nilitaka kujua kitu kimoja tu: je, zilikuwa ndoto za dawa au za huzuni? Nilidhani ningepata jibu la mstari mmoja. Nikapata miaka ishirini ya watu wanaobishana kuhusu miligramu.

Efavirenzi iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Dozi ya mtu mzima: miligramu 600 kwa siku, mwembamba kwa mnene, Oslo kwa Korogwe. Kilichonikalisha kitako ni kwamba kwenye majaribio ya mwanzoni walishapima dozi za 200, 400 na 600, na virusi vilishuka karibu sawasawa kwa zote tatu. Wakachagua 600. Hofu yao ilikuwa usugu: mtu ambaye mwili wake unaiondoa dawa haraka, au anayeruka kidonge, asibaki na dawa kidogo mno damuni hadi virusi vijifunze kuishi nayo.

Hofu ya haki kabisa. Ningekuwa mimi mwaka ule, nikiona watu wanavyozikwa, huenda ningechagua 600 pia.

Ila kuna anayeondoa dawa haraka, na kuna anayeiondoa polepole, na huyu wa pili hakufikiriwa sana.

Kazi ya kuiondoa efavirenzi inafanywa zaidi na kimeng'enya kimoja cha ini kiitwacho CYP2B6. Jeni inayokitengeneza ina mahali ambapo herufi moja inaweza kuwa G au T. Ukirithi T kwa baba na T kwa mama, kimeng'enya chako ni goigoi. Fikiria karo la jikoni. Kila usiku unamwaga ndoo moja ya maji, ndoo ile ile kama ya jirani yako. Karo la jirani lina tundu kubwa, mpaka kesho limekauka. La kwako tundu ni dogo. Maji ya jana hayajaisha, unamwagia ya leo. Na efavirenzi ni dawa inayopenya hadi kwenye ubongo.

Mwaka 2001 watafiti wa Uswisi walipima damu za wagonjwa 130. Waliokuwa na zaidi ya miligramu 4 kwa lita walipata matatizo ya kichwa, usingizi na fahamu mara tatu zaidi ya waliokuwa kati ya 1 na 4. Mwaka 2004 kundi la Marekani likaitazama ile jeni yenyewe: waliorithi T mbili walikuwa kama 3 kwa kila 100 kati ya Wamarekani wenye asili ya Ulaya, na kama 20 kwa kila 100 kati ya wenye asili ya Afrika. Mwaka 2008 ukatoka utafiti wa Zimbabwe, wa wagonjwa 74 wasiolazwa. Nusu yao walikuwa juu ya ile 4.

Nusu! Nikaweka simu chini, nikaenda kuchemsha chai ambayo sikuwa na hamu nayo.

Nikaanza kutafuta mchawi

Hapa nilipotea kidogo, na naona niseme nilivyopotea.

Kwa siku kadhaa nilikuwa na hasira tamu, ile ya mtu aliyepata wa kumlaumu. Walijua! Wakatupa dozi ya miili ya watu wengine! Niliandika hata rasimu ya makala yenye alama nyingi za mshangao kuliko hii. Nikampelekea rafiki yangu mfamasia. Akanijibu swali moja tu: "Bila hiyo 600, Mamdogo wako angekuwa wapi?"

Angekuwa Msambweni, makaburini. Najua, kwa sababu wenzake wawili wa kliniki ya 2007 wako huko.

Kisha akaniuliza kama tulikuwa tunampa dawa kabla ya chakula au baada. Nikamwambia baada, Mamdogo alikuwa anakula saa mbili, anameza saa tatu, kisha anapanda kitandani. Anakula nini? Nikakaa kimya. Mnajua Tanga tunakula nini usiku. Wali wa nazi, tui zito, samaki wa kupaka. Efavirenzi inatakiwa imezwe tumbo likiwa tupu, na mafuta hasa ndiyo hayatakiwi, kwa sababu chakula chenye mafuta mengi kinaongeza kiasi cha dawa kinachoingia damuni. Tulikuwa tunamwekea kijiko cha ziada cha tui kwa sababu amekonda.

Kwa hiyo sijui ni kiasi gani kilitokana na jeni na kiasi gani na nazi. Jeni yake haijawahi kupimwa wala haitapimwa. Dawa yenyewe ameshaiacha. Na hata neno "Waafrika", ambalo hasira yangu ilikuwa inalitumia kwa ukarimu mno, halisimami vizuri. Watafiti wa Muhimbili, pamoja na wenzao wa Ethiopia na wa chuo cha Karolinska, Sweden, walilinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia wanaomeza dozi ile ile. Watanzania walikuwa na dawa nyingi zaidi damuni, hata pale jeni zilipolingana. Bara moja, dozi moja, damu mbili tofauti.

Rasimu ile nikaifuta.

Nimechoka kulala

Lakini kuna sentensi ambayo haikufutika.

Mwaka 2015 hivi, jioni moja nimemletea maji ya kumezea dawa, Mamdogo alikitazama kidonge kiganjani kwa muda mrefu akasema, "Mwanangu, nimechoka kulala." Nikamjibu kwa haraka ya mtu mwenye ratiba: meza, Mamdogo, virusi haviruki siku. Akameza.

Mwaka mmoja kabla ya jioni ile ulikuwa umeshatoka uchambuzi wa majaribio manne ya Marekani yenye washiriki zaidi ya 5,000. Walioanza na mchanganyiko wenye efavirenzi walikuwa na hatari ya fikra za kujiua au kujaribu kujiua kama mara mbili ya waliopewa mchanganyiko usio nayo. Bado ni tukio la watu wachache, na sisemi Mamdogo alikuwa huko. Sisemi kwa sababu sikumwuliza.

Na mwaka huo huo, 2014, ndipo yalipotoka majibu ya jaribio liitwalo ENCORE1, lililoongozwa kutoka Sydney. Watu 630 wa nchi 13 ambao hawajawahi kutumia ARV. Nusu wakapewa 600, nusu 400, na vidonge vikafanana kwa macho ili asijue mgonjwa wala daktari. Baada ya wiki 48 virusi vilikuwa vimebanwa kwa asilimia 94 ya waliopewa 400 na asilimia 92 ya waliopewa 600. Walioacha dawa kwa sababu ya maudhi yake walikuwa asilimia 2 upande wa 400, karibu 6 upande wa 600.

Theluthi moja ya dozi, miaka kumi na sita baada ya kuidhinishwa, ikaonekana haikuwa na kazi.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likaiingiza 400 kwenye mwongozo wake kama chaguo mbadala. Mamdogo aliendelea na 600 hadi siku walipombadilishia. Kila alipopimwa wingi wa virusi, karatasi ilirudi na neno tunalolipenda wote: havionekani. Nesi anafurahi, mimi nafurahi, yeye anakunja karatasi anaitia kwenye pochi ya kanga. Katika takwimu yoyote ya nchi hii alikuwa mgonjwa anayeitikia dawa vizuri. Nimejaribu kukumbuka ni wapi kwenye lile jalada lake pangeweza kuandikwa kuhusu marehemu na kanzu, na nikakumbuka: palikuwepo kisanduku cha maudhi ya dawa. Kiliwekwa alama miezi miwili ya kwanza. Baadaye hakikuwekwa, kwa sababu aliulizwa na akasema hakuna.

Na alisema hakuna kwa sababu mimi nilikuwa nimeketi pembeni yake, niliyekwisha kumjibu nyumbani.

Wanawake 39

Kuna kituo kingine kwenye safari hii ambacho kilinipa moyo, japo hakimhusu Mamdogo moja kwa moja.

Ilikuja dolutegraviri, dawa ambayo haina ndoto nyingi na inabana virusi haraka. Mwaka 2017 yakafikiwa makubaliano ya bei: kidonge cha tatu kwa kimoja chenye dolutegraviri ndani, tunachokiita TLD, kama dola 75 kwa mtu kwa mwaka. Kila mtu akajiandaa kuhama. Mei 2018 utafiti wa Botswana ukatoa taarifa ya kutisha: kati ya watoto 426 waliozaliwa na mama waliotunga mimba wakiwa kwenye dolutegraviri, wanne walikuwa na kasoro ya mrija wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Wataalamu wakashtuka, na baadhi ya nchi zikaanza kusema dawa mpya ni ya wanaume, wanawake wa umri wa kuzaa wabaki na efavirenzi.

Julai mwaka ule wanawake 39 wanaoishi na virusi, kutoka nchi 18 za Afrika, walikutana Kigali. Walisikiliza takwimu zile zile walizosikiliza madaktari. Kisha wakatoa tamko kwamba hatari wameielewa, na kwamba wanataka dawa, uzazi wa mpango na haki ya kuchagua wenyewe. Kuwazuia wote kwa ajili ya mimba ambayo wengine hawana hata mpango nayo hawakubali.

Nimelisoma tamko lile zaidi ya mara moja. Hawakuwa wanabeza sayansi. Walikuwa wanasema mizani ina sahani mbili, na sahani ya pili ni usiku wao.

Watoto zaidi walipozaliwa na kuhesabiwa Botswana, ile tofauti ilipungua mwaka hadi mwaka na mwishowe ikatoweka. Lakini wanawake wa Kigali hawakuwa na matokeo hayo mkononi walipoamua. Hilo ndilo ninalolirudia kichwani.

Kilo

Mamdogo alihamia TLD mwaka 2019. Ndoto ziliondoka baada ya wiki chache. Mwili ukaja.

Mwanzoni tulishangilia, mashavu yalirudi, watu msikitini wakamwambia amekuwa binti. Mwaka wa pili gauni za msiba zikaanza kumbana makwapani. Fundi akafungua mishono, akafungua tena, mara ya tatu akasema kitambaa kimekwisha, mama, niunganishe cha rangi nyingine?

Nikasema, haya, dawa mpya, maudhi mapya. Nikaenda kusoma kwa kujiamini zaidi safari hii. Johannesburg kulikuwa na jaribio kubwa, ADVANCE, washiriki 1,053, dolutegraviri ikishindanishwa na efavirenzi. Waliopewa dolutegraviri waliongezeka uzito zaidi, hasa wanawake. Magazeti yakaandika kwamba dawa mpya inanenepesha.

Halafu watafiti wakarudi kwenye damu za washiriki wale wale wakaangalia jeni. Ile ile, CYP2B6. Kwenye kundi la efavirenzi, wenye tundu kubwa la karo waliongezeka kilo karibu sawa na waliokuwa kwenye dolutegraviri. Wenye tundu dogo ndio hawakuongezeka.

Nililisoma hilo nikiwa kwenye daladala na nikapitiliza kituo. Maana yake, sehemu ya ule unene "unaoletwa" na dawa mpya ni mwili unaorudi mahali ambapo dawa ya zamani ilikuwa inauzuia kufika. Miaka sita nilitazama mifupa ya shingo ya Mamdogo ikitokeza juu ya kanga, nikasema ndivyo alivyo, mwembamba wa asili, kama bibi. Picha yake ya harusi ipo ukutani sebuleni. Mwembamba wa asili gani?

Si jibu la kila kilo. Yeye ana miaka sitini na kitu sasa, anakaa zaidi, na tui hatujapunguza. Lakini nilishuka kwenye daladala nikarudi kwa miguu vituo viwili, nikimhesabia upya miaka.

Jumanne

Nilimwambia yote haya jikoni, kwa vipande, bila namba nyingi. Alisikiliza huku anakuna nazi. Nilipofika kwenye kanzu, mbuzi ikanyamaza.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," akasema.

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeleta habari njema: haukuwa wazimu, hayakuwa mashetani, lilikuwa ini lako na miligramu za watu. Yeye alikuwa anahesabu miaka sita ya kutembelewa na mumewe kila usiku, na sasa nimekuja kumwambia hakuna aliyekuja.

"Sijui, Mamdogo," nikasema. Na kweli sijui.

Akaendelea kukuna. Baada ya muda akasema afadhali basi, maana ile kanzu aliitoa bila kumuuliza mtu.

Jumanne tulikwenda kliniki, zamu yake ya miezi sita. Nilikuwa nimeandika kwenye simu mambo matatu ya kusema: kilo, magoti yanayouma akipanda ngazi, na usingizi unaomkatika alfajiri. Tulikubaliana atasema mwenyewe, mimi ninyamaze. Tuliketi benchi la nje kuanzia saa moja na nusu. Alipoitwa, daktari alikuwa kijana, mpole, ana macho ya mtu ambaye hajala. Akafungua jalada, akauliza:

"Mama, una shida yoyote na dawa?"

"Hakuna, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Nikavuta pumzi kutaka kusema. Akanifinya paja chini ya meza, kwa nguvu.

Nje, akiwa anafunga vizuri mfuko wa vidonge ndani ya mkoba, nikamwuliza mbona hukusema, si tulikubaliana?

"Wewe," akasema, "umeiona foleni ile?"